Mswada Uliopotea, Nakala Iliyobaki: Neno, Picha na Mamlaka katika Scivias ya Hildegard wa Bingen

UTANGULIZI

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wasimamizi wa maktaba ya Wiesbaden, magharibi mwa Ujerumani, walihofia kwamba hazina yao ingeteketezwa na mabomu. Kwa sababu hiyo, baadhi ya miswada yao ya thamani kubwa zaidi ilipelekwa Dresden, mji uliodhaniwa kuwa salama, ikafungiwa katika chumba cha hazina cha benki. Miongoni mwake ilikuwamo miswada miwili ya karne ya 12 yenye kazi za mtawa mmoja wa kike, Hildegard wa Bingen. Mnamo Februari 1945 Dresden ilishambuliwa kwa ndege na sehemu kubwa ya mji ikawa majivu. Chumba cha benki hakikuungua. Hata hivyo, baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia mjini, mswada mmoja tu kati ya hiyo miwili ndio ulioonekana. Uliotoweka ni ule uliokuwa na picha.

Mswada huo hujulikana kwa wataalamu kama Kodeksi ya Rupertsberg, na katika orodha ya maktaba ya Wiesbaden ulikuwa Mswada Na. 1. Ulibeba matini ya Kilatini ya Scivias, kazi kubwa ya kwanza ya Hildegard, pamoja na picha 35 zilizopakwa rangi, dhahabu na fedha. Picha hizo zimechapishwa mara nyingi katika vitabu vya historia ya sanaa, vya theolojia, na hata vya tiba. Jambo ambalo halitajwi mara nyingi ni kwamba picha zinazoonekana humo kwa rangi si za mswada wenyewe. Ni za nakala iliyotengenezwa kwa mkono na watawa wa abasia ya Eibingen kati ya mwaka 1927 na 1933.

Makala haya yanakusudia kuchunguza matokeo ya hali hiyo kwa mhakiki. Hoja inayotetewa ni kwamba mjadala mkuu kuhusu picha za Scivias, yaani iwapo Hildegard mwenyewe alizielekeza au la, umeendeshwa kwa muda mrefu juu ya kitu ambacho hakuna tena awezaye kukitazama. Kwa hiyo, nakala ya Eibingen haifai kuchukuliwa kama dirisha ambalo kwalo asili inaonekana bila kizuizi. Inafaa isomwe kama ushahidi wenye historia, waandishi na mipaka yake. Ili kuifikia hoja hiyo, ni sharti kwanza kazi yenyewe ielezwe, kisha uhusiano wa neno na picha ndani yake, na mwisho mashahidi waliobaki wapimwe.

MTUNZI NA KAZI YAKE

Hildegard alizaliwa mwaka 1098 katika familia ya kikabaila ya eneo la Mto Rhine. Mnamo tarehe 1 Novemba 1112 aliwekwa utawani pamoja na Jutta wa Sponheim katika makao yaliyoambatana na monasteri ya wanaume ya Disibodenberg, iliyofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Jutta alipofariki mwaka 1136, Hildegard alichaguliwa kuwaongoza watawa wa kike wa mahali hapo. Yapata mwaka 1150 aliwahamisha wafuasi wake na kuanzisha makao yao wenyewe Rupertsberg, karibu na Bingen, pale ambapo Mto Nahe unaingia katika Rhine. Uhamisho huo ulipingwa na watawa wa kiume, ambao walikuwa wananufaika na sifa yake pamoja na mali iliyoletwa na familia za wasichana.

Katika dibaji ya Scivias, Hildegard anasimulia kwamba mnamo 1141, akiwa na umri wa miaka 42 na miezi saba, nuru kali ilimshukia kutoka mbinguni na sauti ikamwamuru aandike anayoyaona na kuyasikia. Anasema kwamba alisita kwa muda mrefu, akaugua kwa sababu ya kusita huko, na hatimaye akaanza. Kazi ilimchukua takriban miaka kumi. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya kuamuru watu wazijue njia za Bwana. Imegawanywa katika vitabu vitatu vyenye jumla ya maono 26: sita katika kitabu cha kwanza, saba katika cha pili na 13 katika cha tatu. Kila ono lina sehemu mbili. Kwanza, Hildegard anaeleza kile alichokiona. Kisha sauti kutoka mbinguni inafafanua kila kipengele cha ono hilo, rangi kwa rangi na kiungo kwa kiungo.

Ni muhimu msomaji asiyachukue maono haya kama ndoto. Katika barua aliyomwandikia Guibert wa Gembloux mwaka 1175, Hildegard alisisitiza kwamba hakuona usingizini wala katika hali ya kuzimia, bali akiwa macho, usiku na mchana, na kwamba alichokiona hakikupitia macho ya mwili. Alisema kuwa nuru aliyoizoea aliiita kivuli cha nuru hai, na kwamba mara chache ndani yake aliiona nuru hai yenyewe. Kauli hiyo itahitajika tena katika sehemu ya baadaye ya makala haya.

Mamlaka ya mwanamke kufundisha mambo ya imani yalikuwa suala nyeti katika Kanisa la wakati huo. Waraka wa kwanza kwa Timotheo ulitumiwa kumzuia mwanamke asifundishe. Hildegard hakuupinga waraka huo moja kwa moja. Njia yake ilikuwa kujiita kiumbe dhaifu asiye na elimu, ili neno lionekane kuwa la Mungu na yeye awe chombo tu. Kadhalika, alitafuta kuungwa mkono na wakuu. Mnamo 1146 au 1147 alimwandikia Bernard wa Clairvaux, na habari za maandishi yake zikamfikia Papa Eugenius III wakati wa sinodi ya Trier ya 1147 hadi 1148. Kwa mujibu wa masimulizi ya maisha yake yaliyoandikwa na watawa wa karne hiyo hiyo, Papa mwenyewe alisoma sehemu ya kazi hiyo mbele ya mkutano. Wanahistoria wa siku hizi wameutilia shaka undani wa masimulizi hayo, lakini hawatofautiani kwamba kazi ilianza kujulikana kabla haijakamilika.

MSWADA WA RUPERTSBERG

Kodeksi ya Rupertsberg ilikuwa na karatasi za ngozi 235, kila moja ikiwa na urefu wa takriban sentimita 32.5 na upana wa sentimita 23.5, na matini iliandikwa kwa safu mbili. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba iliandikwa katika eneo la Rhine, katika nusu ya pili ya karne ya 12, na kwamba ilihusiana na makao ya Hildegard mwenyewe. Mwaka 1956 Marianna Schrader na Adelgundis Führkötter, watawa wa Eibingen, walichapisha uchunguzi wa hati za miswada ya Hildegard uliothibitisha kwamba maandishi yanayobeba jina lake ni yake kweli, na kwamba chumba cha waandishi cha Rupertsberg kilikuwa na shughuli nyingi wakati wa uhai wake. Tarehe kamili ya picha imebaki kuwa suala la mabishano. Wapo wanaoziweka katika miaka ya 1160 na 1170, mtunzi akiwa hai. Wapo wanaozisogeza hadi baada ya kifo chake, kilichotokea tarehe 17 Septemba 1179.

Mswada ulibaki Rupertsberg hadi makao hayo yalipoharibiwa na Waswidi mwaka 1632, katika Vita vya Miaka Thelathini. Watawa walihamia Eibingen, ng'ambo ya mto, mahali ambapo Hildegard alikuwa ameanzisha tawi mwaka 1165. Mwanzoni mwa karne ya 19 serikali za Ujerumani zilipotaifisha mali za watawa, miswada ilichukuliwa, na mwaka 1814 ikawekwa Wiesbaden. Wakati abasia mpya ya Mtakatifu Hildegard ilipofunguliwa juu ya kijiji cha Eibingen mwaka 1904, urithi mkuu wa mwanzilishi wake ulikuwa tayari mali ya maktaba ya umma.

Mswada wa pili uliopelekwa Dresden ulikuwa ule unaoitwa Kodeksi Kubwa. Huu una karatasi 481 na uzito wa takriban kilo 15, na umekusanya karibu kazi zote za Hildegard: vitabu vya maono, barua, na tungo za kuimbwa. Ulirejeshwa Wiesbaden mwaka 1948 kwa juhudi za mwanahistoria Margarete Kühn, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, na Caroline Walsh, mke wa ofisa wa jeshi la Marekani, walioutoa katika eneo la Kisovieti bila idhini ya wakuu wa eneo hilo.

Kurejea kwa mmoja na kutoweka kwa mwingine kunabainisha jambo muhimu kwa uhakiki wa matini. Neno la Scivias halikupotea. Limo katika Kodeksi Kubwa, na limo pia katika miswada mingine kadhaa ya Enzi za Kati, kiasi kwamba Führkötter na Angela Carlevaris waliweza kutoa toleo la kihakiki mwaka 1978. Mashahidi wa neno ni wengi, na wanaweza kulinganishwa na kusahihishana. Mkufu wa picha 35 ulikuwa na shahidi mmoja tu. Mswada wa Salem, ulioandikwa yapata mwaka 1200 na sasa umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, una picha chache, lakini hizo zimefuata mapokeo mengine. Hivyo basi, hatari iliyoukabili mswada mmoja iliikabili sanaa nzima ya picha hizo.

NENO NA PICHA: MIFANO MITATU

Uhusiano wa neno na picha katika kodeksi hii si wa aina moja. Mifano mitatu inatosha kuudhihirisha.

Mfano wa kwanza ni ono la 11 la kitabu cha tatu, linalohusu siku za mwisho. Hildegard anaeleza wanyama watano waliosimama upande wa kaskazini: mbwa wa moto asiyeungua, simba wa rangi ya manjano, farasi mweupe aliyefifia, nguruwe mweusi na mbwa mwitu wa kijivu. Sauti inafafanua kila mnyama kuwa kipindi cha historia, na rangi ya kila mmoja ina maana yake. Picha inawaonyesha wanyama hao, na pia inamwonyesha mwanamke ambaye ni Kanisa, kichwa cha kutisha cha Mpinga Kristo kikiwa kimetokeza mwilini mwake. Hapa mchoraji ni mtiifu. Amechora alichoambiwa na matini, hata pale ambapo matini inatisha kuliko desturi ya sanaa ya kanisa.

Mfano wa pili ni ono la pili la kitabu cha kwanza, linalosimulia anguko la Shetani na la binadamu. Katika matini, Hawa haonekani kama mtu. Yeye ni wingu jeupe lenye nyota nyingi, lililotoka katika umbo zuri la binadamu. Nyota ni watoto wake wasiozaliwa bado. Picha inamweka Adamu akiwa amelala, na kutoka ubavuni mwake linatokeza umbo mfano wa jani au bawa, lenye nyota. Kutoka shimoni panainuka umbo jeusi lenye kichwa cha nyoka, linaloelekeza sumu yake kwa nyota hizo. Jambo la kushangaza ni rangi: wingu ambalo matini inaliita jeupe limepakwa kijani. Kijani si rangi ya kawaida kwa Hildegard. Neno lake viriditas, ambalo kwa Kiswahili laweza kuelezwa kama ubichi wa mmea unaochipua, hupita katika maandishi yake mengi likiwa na maana ya nguvu ya uhai itokayo kwa Mungu. Kwa hiyo, aliyelipaka wingu hilo kijani hakukosea tu. Alikuwa akiisoma sentensi moja ya Hildegard kwa msaada wa fikra zake nyingine zote.

Mfano wa tatu ni ono la pili la kitabu cha pili, juu ya Utatu Mtakatifu. Matini inasema juu ya nuru angavu, ndani yake umbo la binadamu lenye rangi ya yakuti samawi, likiwaka kwa moto mwanana. Na nuru ikaujaza moto, moto ukaijaza nuru, na vyote viwili vikalijaza umbo lile. Mchoraji amemweka mtu wa samawati wima, mikono ameiinua kifuani, akizungukwa na duara za dhahabu na fedha zilizochorwa kwa mistari myembamba ya mawimbi. Hakuna uso wa mzee mwenye ndevu, hakuna njiwa. Fundisho gumu la nafsi tatu katika Mungu mmoja limebebwa na metali mbili na rangi moja.

Mifano hii inaonyesha utiifu, ufasiri na ubunifu wa kitheolojia. Inaonyesha vilevile kwamba katika yote mitatu maana hukaa ndani ya rangi. Msomaji ambaye hawezi kuamini rangi aionayo hawezi kuisoma picha kikamilifu.

NANI MTUNZI WA PICHA?

Suala la mtunzi wa picha limewagawanya wahakiki katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza linamtambua Hildegard kuwa mwelekezi wa picha, ikiwa si mchoraji mwenyewe. Madeline Caviness, katika maandishi yake ya miaka ya 1990, alieleza kwamba fremu zisizo za kawaida, kingo za menomeno na utunzi wa ajabu wa kurasa hauwezi kuelezwa kwa mapokeo ya wachoraji wa eneo lile, na kwamba huenda Hildegard alichora vielelezo vya awali ambavyo wachoraji walivifuata. Kundi la pili, likiwakilishwa na Lieselotte Saurma-Jeltsch katika kitabu chake cha 1998, linaziona picha kuwa ufasiri wa matini uliofanywa na watu wengine, kwa lengo la kuithibitisha kazi na kumtukuza mtunzi wake.

Kabla ya mjadala huo kulikuwa na hoja ya kitiba. Mwaka 1917 mwanahistoria wa sayansi Charles Singer alidai kwamba nyota, miali na duara za picha hizo ni dalili za kipandauso. Mwaka 1970 daktari Oliver Sacks aliieneza hoja hiyo kwa wasomaji wengi zaidi. Udhaifu wa hoja hii kimantiki ni kwamba inachukua kama msingi jambo linalopaswa kuthibitishwa. Ili picha ziwe ushahidi wa ugonjwa wa mwenye maono, ni lazima kwanza ithibitike kwamba zilitoka katika mkono au maelekezo yake. Isitoshe, hoja hiyo haina la kusema kuhusu sehemu ya pili ya kila ono, ambayo ndiyo ndefu zaidi: ufafanuzi. Kichwa kinachouma hakiandiki theolojia yenye mpangilio wa vitabu vitatu.

Hoja za makundi yote mawili zina uzito wake. Upande wa Caviness unaungwa mkono na picha ya kwanza ya kodeksi. Ndani yake Hildegard ameketi, ndimi za moto zikishuka juu ya kichwa chake, naye ameshika kibao na kalamu ya kuchorea. Volmar, mtawa aliyemsaidia kuandika hadi alipofariki mwaka 1173, anachungulia kutoka upande wa pili wa ukuta. Picha hii imefuata mfano wa Papa Gregori Mkuu, ambaye wachoraji walimwonyesha akipokea ufunuo huku mwandishi wake akichungulia nyuma ya pazia. Kumweka mwanamke katika nafasi ya Gregori ni dai la mamlaka lisilo dogo. Mwanamke yumo ndani, karibu na moto; mwanamume yuko nje, akisubiri. Kazi ya Volmar ilikuwa kunyoosha sarufi ya Kilatini bila kubadili maana, na picha inautangaza mgawanyo huo wa kazi kwa uwazi kuliko dibaji yenyewe.

Upande wa pili, kwa hakika, nao una ushahidi. Hildegard, ambaye katika maandishi yake yaliyobaki anaeleza kwa kirefu jinsi alivyoona, alivyosikia na alivyoandika, hadai mahali popote kwamba alichora. Kodeksi Kubwa, iliyokusanya urithi wake kwa uangalifu mkubwa, inaitoa Scivias bila mkufu huo wa picha, kama kwamba kazi ilihesabiwa kuwa kamili bila hizo. Aidha, mswada wa Lucca nchini Italia, wenye kitabu chake cha mwisho cha maono, ulipambwa kwa picha kumi mnamo miaka ya 1220 au 1230, miongo kadhaa baada ya kifo chake. Humo pia Hildegard ameonyeshwa pembeni akiandika huku nuru ikimshukia. Ni dhahiri kwamba picha za maono yake zingeweza kubuniwa kwa ustadi bila yeye kuwapo.

NAKALA YA EIBINGEN KAMA SHAHIDI

Mzozo wa aina hii katika historia ya sanaa kwa kawaida huamuliwa kwa kurudi kwenye kitu chenyewe. Mtaalamu huchunguza iwapo rangi ilipakwa kabla au baada ya maandishi, iwapo chini ya rangi kuna mistari ya awali iliyosahihishwa, ni mikono mingapi iliyohusika, na madini gani yalitumika. Maswali hayo yote yangeweza kuulizwa Wiesbaden kabla ya vita. Vyombo vya kuyajibu vilipopatikana, mswada haukuwapo tena.

Mashahidi waliobaki ni watatu. Wa kwanza ni maelezo ya wataalamu walioiona kodeksi, wakiwamo Louis Baillet, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1911, na Hiltgart Keller, aliyechapisha wake mwaka 1933. Wa pili ni picha za kamera zilizopigwa katika miaka ya 1920, ambazo ni za rangi nyeusi na nyeupe. Wa tatu ni nakala ya Eibingen.

Kila shahidi ana nguvu na upungufu. Maelezo ya wataalamu hutaja rangi, lakini kwa maneno, na neno moja la rangi hufunika vivuli vingi. Picha za kamera hutunza mstari wa mchoraji bila upendeleo, lakini haziwezi kusema kama wingu la Hawa lilikuwa jeupe au kijani, wala kutenganisha kwa uhakika dhahabu na fedha katika ono la Utatu. Nakala ya Eibingen ndiyo inayotoa rangi, ukubwa na mng'ao wa ukurasa mzima. Lakini kila rangi iliyomo ni uamuzi wa macho ya karne ya 20. Fedha, kwa mfano, hupoteza mng'ao wake na kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita. Anayenakili ukurasa wenye umri wa zaidi ya miaka 700 hana budi kuchagua kati ya kupaka kile anachokiona na kupaka kile anachodhani kilikuwapo. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ni ufasiri.

Kutokana na hayo, kanuni ya kazi inajitokeza. Hoja inayotegemea mpangilio wa picha, mikao ya watu au uhusiano wa picha na safu za maandishi inaweza kupimwa kwa picha za kamera, na ikipatana na nakala, inaweza kuaminiwa. Hoja inayotegemea rangi inahitaji nakala na maelezo ya kabla ya 1945 yasomwe pamoja. Hoja inayotegemea mwendo wa brashi, tabaka za rangi au mkono wa mchoraji mmoja mahususi haina tena mahali pa kusimama. Sehemu kubwa ya mjadala kuhusu mkono wa Hildegard iko katika kundi hili la tatu. Toleo la 1978 lilichapisha picha za rangi kwa kutumia nakala, na kwa kuwa vitabu vingi vimefuata toleo hilo, wasomaji wamezoea kutaja kodeksi ya karne ya 12 huku macho yao yako kwenye kazi ya miaka ya 1927 hadi 1933.

Kusema hivyo si kuwapunguzia heshima watawa wa Eibingen. Kinyume chake, ni kuwatambua. Wao hawakujua kwamba asili ingepotea. Walichukua ngozi, wakanakili ukurasa kwa ukurasa, maandishi na picha, kwa muda wa miaka sita, ili abasia yao iwe na kitabu cha mwanzilishi wake ambacho historia ilikuwa imewanyang'anya. Katika utaratibu wao, kunakili kulikuwa sehemu ya ibada kama ilivyokuwa Rupertsberg. Mwanamke aliyehitaji idhini ya maaskofu na Papa ili asomwe amefikia macho ya wasomaji wa leo kwa mikono ya wanawake, bila mtu yeyote kuwapa idhini ya kuwa waandishi. Majina yao hayatajwi chini ya picha vitabuni.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la nani alitunga picha za Scivias haliwezi kutenganishwa na swali la picha zipi zinazungumziwa. Ikiwa asili inamaanisha mahali ambapo maana ilianzia bila mpatanishi, basi hata mswada wa Rupertsberg haukuwa asili ya namna hiyo. Ono lilipita kwenye kibao, likapita katika sarufi ya Volmar, likapita kwa mwandishi wa hati nzuri, na baadaye kwa mchoraji aliyethubutu kulipaka kijani wingu lililoitwa jeupe. Hildegard mwenyewe alisema kwamba kwa kawaida hakuiona nuru hai bali kivuli chake.

Hata hivyo, hoja hiyo isitumiwe kufuta hasara. Kuna tofauti kati ya wapatanishi wa karne ya 12, waliofanya kazi katika chumba cha waandishi cha mtunzi au karibu nacho, na wale wa karne ya 20 waliotenganishwa naye kwa miaka 750. Kilichopotea Dresden kilikuwa uwezekano wa kuwahoji wale wa kwanza. Mhakiki anayelisahau hilo huandika juu ya Enzi za Kati huku akisoma, bila kujua, historia ya Ulaya kati ya vita viwili vikuu.

Tarehe 10 Mei 2012 Papa Benedikto XVI alieneza heshima ya Hildegard kama mtakatifu kwa Kanisa zima, na tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo akamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa nne kupewa cheo hicho. Mamlaka aliyoyatafuta kwa tahadhari katika dibaji ya Scivias yamekamilishwa rasmi. Mamlaka ya picha bado yanadaiwa uthibitisho. Hadi siku ambayo Kodeksi ya Rupertsberg itaonekana tena, ikiwa ingalipo, wajibu wa mhakiki ni mdogo lakini ni wa lazima: chini ya kila picha anayoitumia aandike ilipotoka, na miongoni mwa majina ya waliomletea kazi hiyo awahesabu pia watawa wa Eibingen.